Tupeane uzoefu: wiki yako ya kwanza kwa familia mwenyeji Ujerumani ilikuwaje?

Shangazi Mdogo
Habari zenu wakuu. Juzi usiku nimemsindikiza mdogo wangu uwanja wa Nyerere. Anakwenda Leipzig kusoma lugha, atakaa na familia mwenyeji. Tukiwa tunafunga begi mama akamwambia, "Ukifika kwa watu usionyeshe njaa." Moyo ukanipasuka, maana ndiyo maneno hayohayo niliyofungiwa safari mimi mwaka 2014, na yalinitesa.

Jioni ya kwanza mama mwenyeji alinisogezea bakuli la viazi. Kwetu ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa kidogo, mwenyeji anakusihi, ndipo unapokea. Nikatabasamu nikasema "danke", nikijua nimesema asante, niwekee. Akarudisha bakuli mezani. Basi. Hakuna aliyenisihi. Kijerumani ukikaribishwa kitu ukajibu "danke" peke yake, wanaelewa umekataa. Ukitaka unasema "ja, bitte". Hilo darasani sikufundishwa.

Siku nne nilikuwa naondoka mezani na njaa. Usiku wa tatu nilifungua korosho nilizobeba kama zawadi yao, nikazila gizani nimekaa juu ya begi, huku nalia. Aliyenigundua ni mtoto wao wa miaka saba. Alimwambia mama yake mezani kwamba macho yangu yanalifuata bakuli.

Naomba mtiririke. Nataka mdogo wangu asome haya kabla hajakaa nao wiki.

Kibaraza
Hii ya "danke" ndiyo yangu mimi, neno kwa neno. Sina la kuongeza.

Baharia wa Ziwa
Mimi saa ndiyo iliniumbua. Baba mwenyeji aliniambia chakula "halb acht". Nikapiga hesabu: halb ni nusu, acht ni nane, kwa hiyo nane na nusu, kwa saa zetu saa mbili na nusu usiku. Nikaenda zangu kutembea mtoni. Kumbe wenzetu wanahesabu nusu kuelekea nane. Ni saa moja na nusu! Nilirudi nimechelewa saa nzima, nikawakuta wote wanne wamekaa, sahani hazijaguswa, mishumaa imeisha nusu. Hakunigombeza. Aliniangalia, akaangalia ukutani kwenye saa, akaanza kugawa mkate. Heri angenigombeza.

Mvua za Vuli
Na huo mkate! Hakuna aliyeniambia kwamba jioni watu hawapiki. Mkate, jibini, nyama baridi, matango, wamemaliza. Nilikaa nikingoja sufuria itoke jikoni mpaka wakaanza kuondoa vyombo.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni majina. Mama mwenyeji ana umri wa mama yangu mzazi, siku ya kwanza ananiambia nimwite jina lake tupu, tena nitumie "du", yaani "wewe" ya watu waliozoeana, si ile ya heshima. Mimi wa Eldoret, nimwite mtu mzima jina lake kama mtoto wa darasa langu? Ulimi ulikataa. Wiki tatu sikumwita kabisa. Nikimhitaji na yuko bustanini, natembea mpaka bustanini, nasimama mbele yake nangoja anione. Siku moja akaniuliza kama nimemchukia. Ndipo nikamweleza, na yeye akasema basi niite Mama, kama nyumbani kwenu. Mpaka leo ni Mama.

Chumvini
Mimi niliingia Hamburg Juni 2016, Ramadhani ndiyo imeanza. Jua linazama karibu saa nne usiku, jamani. Nilikuwa na haya ya kuwaambia, nikasingizia tumbo. Siku ya pili baba mwenyeji akagonga chumbani, akaniuliza taratibu kama nimefunga. Alikuwa amesoma kalenda. Kuanzia hapo kila jioni alikaa nami dirishani na glasi mbili za maji, yake na yangu, hanywi mpaka nami ninywe. Wallahi sitamsahau mzee yule.

Nyota ya Jaha
Nyie mmebahatika. Mimi Jumapili ya kwanza nilijitolea kupeleka chupa tupu kwenye pipa la vioo la mtaa, nisaidie. Nimetupa ya tatu, jirani katoka dirishani anafoka kama nimevunja nyumba yake. Roho mbaya tu.

Mwalimu Mstaafu
Si roho mbaya, binti yangu. Jumapili kwao ni siku ya kupumzika kisheria. Kifungu hicho kiliandikwa kwenye katiba yao ya mwaka 1919 na kikahamishiwa kwenye hii ya 1949. Kutupa chupa, kutoboa ukuta, kukata nyasi kwa mashine, yote unangoja Jumatatu. Na usiku kimya huanza saa nne.

Nyota ya Jaha
Sawa mwalimu, ila angeniambia bila kufoka.

Mwalimu Mstaafu
Hapo nakuunga mkono.

Kona ya Nne
Mmenikumbusha mbali. Ngoja niandike yangu, sijawahi kuisimulia yote.

Januari 2019, Dresden, siku yangu ya tatu. Nyumba ya ghorofa, sisi tuko ya nne. Jumamosi bibi yao akaugua ghafla, wakaondoka kwenda kumwona na kulala huko. Wakanionyesha kila kitu: jiko, maji ya moto, mapipa. Saa tatu usiku nikaona ndoo ya taka imejaa, nikasema nisiwe mgeni mzigo, nishuke nikamwage. Fulana, kaptula, ndala. Mlango nikauacha wazi, ni dakika mbili tu.

Nikiwa ghorofa ya pili narudi, nikasikia PAA! Upepo. Nikapanda mbio. Mlango ule kwa nje hauna kitasa cha kukamata, una kidude cha mviringo tu, hakizunguki. Ukijifunga umejifunga. Funguo ndani, simu ndani, koti ndani. Nje barafu.

Taa ya ngazi kule inajizima yenyewe. Kuna kitufe kidogo kinawaka rangi ya machungwa, unabonyeza, taa inawaka muda mfupi, inazima. Nilikaa juu ya zulia la mlangoni nikawa nahesabu. Nikifika mia na kitu, giza. Nasimama, nabonyeza, nakaa. Miguu ikaanza kufa ganzi. Milango ya watu ipo, nasikia televisheni zao, naogopa kugonga. Nilikuwa nimeambiwa kimya saa nne, na mimi kijana mweusi wa kaptula usiku, sijui neno la kujieleza. Nikawaza watapiga simu polisi.

Karibu na saa sita akatoka bibi wa ghorofa ya pili na mbwa wake. Mbwa ndiye aliyepanda kuninusa. Bibi akanikuta, nami nikatoa Kijerumani changu chote: "Tür zu. Schlüssel innen. Familie weg." Yaani mlango umefungwa, ufunguo ndani, familia haipo. Hakuangalia uso wangu, aliangalia miguu. Akasema "Ach, Kind," yaani masikini mtoto, akanishika mkono kama unavyomshika mtoto wa chekechea, akanishusha kwake. Blanketi, beseni la maji ya vuguvugu, chai. Namba ya familia alikuwa nayo, akawapigia. Fundi wa kufuli usiku wa wikendi ni pesa nyingi sana, kwa hiyo nikalala kwenye kochi lake.

Asubuhi wamerudi, mama mwenyeji kalia kuliko mimi. Wakaufunga ufunguo kwenye kiuzi cha bluu, akanivisha shingoni yeye mwenyewe. Kile kiuzi ninacho mpaka leo.

Kibaraza
Mkuu, nimesoma nimesimama.

Mpiga Mbizi
Hapa kuna chumvi. Mlango gani unajifunga wenyewe ukiwa haujapigwa ufunguo? Kisha familia gani inamwacha mgeni wa siku tatu peke yake?

Mvua za Vuli
Mpiga Mbizi umewahi kufika huko? Milango ya fleti karibu yote ndivyo ilivyo. Ikibana, bila ufunguo huingii. Mimi yalinikuta mchana, nikakaa ngazini hadi watoto walipotoka shule.

Mpiga Mbizi
Nauliza tu. Ila kumwacha peke yake ni makosa, siwatetei.

Baharia wa Ziwa
Bibi yao mgonjwa! Ungekuwa wewe ungemngoja mgeni?

Nyota ya Jaha
Mimi nauliza jingine. Kwa nini kijana wetu aganda masaa matatu akiogopa kugonga? Angekuwa Mzungu angegonga mlango wa kwanza. Hiyo hofu kaipata wapi?

Kona ya Nne
Dada umegusa penyewe. Hakuna aliyenitisha pale. Nilikwenda nayo kutoka nyumbani, kwa hadithi nilizosikia, na nyingine ni za kweli. Lakini mlango uliofunguka usiku ule nausema ulivyofunguka.

Shangazi Mdogo
Jamani tusigombane, mdogo wangu anasoma. Nipeni ushauri wa kumtumia.

Chumvini
Abebe kopo la chooni. Karatasi peke yake hatazoea.

Mvua za Vuli
Asijaze begi kwa kopo, chupa ya maji inafanya kazi hiyohiyo. Abebe ndala za ndani, viatu vya nje haviingii sebuleni.

Baharia wa Ziwa
Abebe dagaa! Nyama na maziwa kutoka kwetu forodha hawaruhusu, lakini samaki ruksa hadi kilo 20.

Mwalimu Mstaafu
Ruksa ya forodha si ruksa ya jiko la watu, kijana. Akaange dagaa wiki ya kwanza, pazia zitanuka mpaka Pasaka. Jambo la maana ni hili: ndani ya wiki mbili za kuhamia akajiandikishe ofisi ya mji, na mwenyeji amwandikie karatasi ya kuthibitisha kwamba anakaa kwake. Bila hiyo benki itamsumbua.

Kaa la Moto
Mimi nilikwenda kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia akisaidia kulea watoto kwa posho, si mwanafunzi, na wiki ya kwanza nilipika, nikafua, nikalea kuanzia alfajiri hadi usiku. Nikaona aibu kusema. Kumbe sheria ni masaa yasiyozidi 30 kwa wiki, na posho ya euro 280 kwa mwezi. Kama yuko anayekwenda kwa njia hiyo, ashike hizo namba mbili kichwani kabla ya kupanda ndege.

Nyota ya Jaha
Uliwaambiaje?

Kaa la Moto
Niliandika kwenye karatasi masaa yangu ya kila siku, nikaiweka kwenye meza ya chai asubuhi. Sikuweza kutamka. Baba wa nyumba aliisoma mara mbili, akakunja. Kesho yake ratiba mpya ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Mama yao alininunia mwezi mzima, lakini nililala.

Shangazi Mdogo
Wakuu, amefika salama! Ametuma ujumbe sasa hivi. Anasema jana aliongezwa supu mara mbili. Sasa amesimama jikoni mbele ya mapipa manne, wenyeji wamelala, hataki kuwaamsha. Mfuko wa majani ya chai uliotumika unaingia lipi?

Baharia wa Ziwa
La kahawia, la mabaki ya chakula.

Mvua za Vuli
La kahawia, ila kile kipini cha chuma akitoe kwanza.

Kona ya Nne
Na kama mapipa yako nje, mwambie ashike ufunguo.