Kikundi: WATOTO WA MAMA MWANAHAWA

Rehema 18:42
Jamani, Idi shingo imemkaza tangu jana, na leo kaongeza homa. Tunafanyaje?

Rehema 18:47
Mmesoma watu tisa. Naona.

Mjomba Kassim 18:50
Idi ana shingo ngumu tangu darasa la pili, leo ndio mmejua? 😂

Pendo 18:50
😂😂😂 Mjomba!

Rehema 18:51
Sitanii, Mjomba.

Mjomba Kassim 18:53
Kalalia mto vibaya huyo. Achuliwe vizuri, kichwa kivutwe kidogo mpaka kilie ka! Kesho mzima.

Rehema 18:53
Zawadi, asimguse mtu shingo hiyo. Neema, njoo hapa.

Tunu 18:58
Pole sana Zawadi, Mungu amponye 🙏

Baraka 18:58
🙏

Rehema 18:59
Nataka majibu, mikono tumeshaiona.

Zawadi 19:06
Kajifunika shuka usoni, anasema taa inamchoma macho. Kichwa kinampasuka. Ametapika mara mbili. Kipimo kinasoma 39.2. Saa kumi nilimpa dawa ya maumivu, homa ikashuka, akasema amepona. Imerudi.

Pendo 19:08
Si ndiye aliyekanyaga msumari? Isije ikawa pepopunda.

Neema 19:11
Niko zamu, naandika mbiombio. Zawadi, mdomo anafungua vizuri? Pepopunda mara nyingi huanza na taya kugoma.

Zawadi 19:12
Anafungua. Na Pendo, msumari ulikuwa mwaka juzi.

Neema 19:12
Mlaze chali, umwinue kichwa taratibu kidevu kielekee kifuani. Kikigoma acha, usilazimishe.

Baraka 19:14
[video]

Baraka 19:14
Samahani, nimekosea kikundi 🙈

Zawadi 19:16
Hakifiki. Ananyanyuka na mabega yake kama ubao. Halafu magoti yamejikunja yenyewe, mimi sijayagusa.

Neema 19:19
Basi hiyo siyo ya mto. Shingo ya mto inauma ukigeuka kushoto au kulia, na haileti homa. Hii inakataa kuinama mbele, kuna homa, kutapika, na mwanga unamuumiza. Naogopa homa ya uti wa mgongo, ile ya utando wa ubongo kuvimba. Aende hospitali SASA HIVI. Dawa zilizobaki kabatini asipewe hata kidonge.

Neema 19:20
Muangalie na ngozi. Ukiona vipele vyekundu au vya zambarau, vikandamize kwa glasi. Visipofifia, waambie mkifika tu mapokezi. Msipoviona bado mnakwenda.

Mjomba Kassim 19:22
Si ndio ule ugonjwa wanachoma sindano mgongoni? Mtu atapooza.

Neema 19:23
Hapoozi, Mjomba. Kwa mtu mzima uti wenyewe unaishia juu ya pale wanapochoma. Wanachota maji tu wayapime, wajue ni mdudu gani.

Hamisi 19:24
Maneno haya haya tuliyasikia kwa Amani.

Hamisi 19:25
Leo Rehema ana haraka. Siku ile ni yeye aliyesema tungoje kupambazuke. Mwanangu sasa namwita kwa mkono.

Rehema 19:31
Hamisi, hayo tutayaongea. Gari lako liko wapi?

Mama 19:36
[ujumbe wa sauti 0:48]

Rehema 19:40
Kwa wasioweza kufungua sauti, Mama anasema hivi: "Sindano ya Amani niliikataa mimi. Rehema alinifuata mimi, na Kassim alinijaza hofu. Hamisi, mwanangu, nilijua na nikanyamaza. Idi atolewe humo ndani sasa, na asiniulize mtu tena."

Hamisi 19:49
Nimesikia, Mama. Natoka.

Mjomba Kassim 19:50
Sawa dada.

Zawadi 19:52
Idi anasema haendi popote, aachwe alale.

Neema 19:53
Muulize leo siku gani.

Zawadi 19:55
Kaniita Mama.

Neema 19:55
Msisubiri akubali. Mbebeni. Na mkifika, Zawadi, uliza kama wewe na mtoto mnahitaji dawa ya kinga, maana mnalala chumba kimoja.

Rehema 19:56
Hamisi umefika wapi?

Rehema 20:03
Hamisi??

Zawadi 20:09
Kaja. Tunampandisha. Mtoto yuko kwa jirani, lakini jirani anatoka saa tatu.

Rehema 20:10
Nani anakwenda kumchukua? Pendo?

Pendo 20:16
Mimi na Hamisi mnajua tulipofikia. Akirudi anikute kwa Idi?

Rehema 20:16
Pendo, leo?

Selemani 20:31
Samahani jamani, simu ilikuwa kwenye chaji. Nani anaumwa?

Rehema 20:32
Sele, uko karibu na kwa Idi?