Kifaranga wa siku moja amepiga msamba: nimfunge miguu au nisubiri?

Swali (mfugaji mgeni, Morogoro)

Habari za jioni, ndugu wafugaji. Ninafuga kuku wa kienyeji nyumbani, na mwezi huu nimetotolesha mayai kwa mashine kwa mara ya kwanza badala ya kumwachia kuku mwenyewe. Vifaranga 41 wameanguliwa tangu jana asubuhi, na walipokauka niliwahamishia kwenye boksi lililotandikwa magazeti, chini ya balbu. Wengi wanachangamka, lakini mmoja miguu yake imetanuka kulia na kushoto kama mtu aliyepiga msamba. Kila akijaribu kusimama anateleza na kuangukia kifua, na wenzake wanamkanyaga wakikimbilia joto. Macho yake yanang'aa, kitovu kimefunga vizuri na analia kwa nguvu, kwa hiyo sioni kama ni mgonjwa wa mwili mzima. Yupo pia wa pili, ambaye anasimama lakini vidole vyake vya miguu yote miwili vimejikunja kwa ndani kama ngumi.

Umeme ulikatika siku ya 19 ya mayai kuwa mashineni kwa saa tano hivi, nami ninahofu kwamba hiyo ndiyo sababu. Jirani amenishauri niwatupe wote wawili, kwa kuwa, anavyosema, kilema cha kifaranga hakiponi. Naomba ushauri wenu kabla sijafanya jambo nitakalolijutia.

Jibu la 1 (mama mfugaji, Kibaha)

Pole sana, dada, na hongera kwa vifaranga 41. Usimtupe huyo wa msamba, maana miongoni mwa matatizo yote ya miguu hilo ndilo lenye matumaini makubwa, mradi ulishughulikie leo na si wiki ijayo. Mifupa na viungo vya kifaranga bado ni laini katika siku za mwanzo, na ulaini huo unaomfanya atanuke ndio huohuo unaomfanya anyooke.

Jambo la kwanza ni kuondoa magazeti sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Gazeti huteleza, na kifaranga anayejifunza kusimama juu yake hana mahali pa kukita kucha. Tandika kitambaa cha khanga kuukuu kilichokazwa vizuri, au taulo lisilo na nyuzi zinazoning'inia. Maranda yanafaa baadaye, wakishajua kutofautisha chakula na takataka.

Kisha chukua plasta ya kawaida ya kidonda na uipasue kwa urefu ili upate ukanda mwembamba. Mwombe mtu akushikie kifaranga. Zungusha ncha moja juu ya mguu mmoja, kati ya kiungo cha kati na vidole, na ncha nyingine juu ya mguu wa pili, ili sehemu yenye pamba ibaki katikati kama daraja. Umbali kati ya miguu uwe kama sentimita 2.5, yaani miguu ikae chini ya nyonga kama ya kifaranga mzima. Ukiibana zaidi ataanguka kama mti, na ukiilegeza utakuwa hujafanya kitu. Wengine hutumia uzi wa kushonea. Mimi nilifanya hivyo mara moja, uzi ukakata ngozi, nami sijarudia.

Mtenge, lakini awasikie wenzake na ikiwezekana awe na mwenza mmoja mtulivu. Maji yawe kwenye kifuniko chenye kina kifupi, na uweke kokoto ndani, kwa sababu kifaranga aliyefungwa miguu anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kidole. Mchovye ncha ya mdomo mara kadhaa kwa siku. Asipokula leo usiingiwe na hofu, kwani kiini cha yai alichokinyonya kabla ya kuanguliwa humtunza hadi siku mbili au tatu.

Jibu la 2 (afisa mifugo mstaafu)

Ninakubaliana na dada wa Kibaha, ila ninaomba muulizaji afanye uchunguzi mmoja kabla ya kufunga chochote. Mshike kifaranga na upapase nyuma ya kile kiungo cha kati ambacho wengi hukiita goti. Upande wa nyuma unapaswa kuhisi kano nyembamba ikipita katikati ya mfereji wake. Ikiwa kiungo kimevimba, ni bapa, na kano imehamia pembeni, huo si msamba bali ni kano iliyochomoka, na plasta haitamsaidia. Itamwongezea maumivu tu. Hapo kuna haja ya mtaalamu wa kuirudisha mapema, na hata ikirudi mara nyingi huchomoka tena. Ikiwa viungo vyote viwili ni sawa na miguu inarudi mahali pake bila ukinzani unapoisukuma taratibu, basi funga.

Kuhusu umeme, usijilaumu sana. Siku ya 19 kijusi kimekua na kinazalisha joto lake chenyewe, hivyo saa chache za baridi kwa kawaida huchelewesha tu kuanguliwa. Joto lililozidi kwa siku nyingi ndilo lenye madhara makubwa zaidi kwa miguu. Kipimajoto cha mashine yako kisome karibu nyuzi 37.5 hadi 37.8, nacho ukilinganishe na kingine, kwa sababu vipimajoto vya mashine za bei nafuu mara nyingi hudanganya.

Huyo wa vidole vilivyokunjwa ananipa shaka zaidi. Kama vingekuwa vidole vya mguu mmoja tu ningesema amelala vibaya ndani ya yai. Kwa kuwa ni miguu yote miwili, ninauliza: mayai uliyapata wapi, na kuku waliotaga wanakula nini?

Muulizaji

Shikamoo, mzee wangu, nawe dada, asante sana. Nimepapasa, viungo havijavimba na miguu inarudi bila shida, kwa hiyo nimemfunga jana usiku. Mayai niliyanunua kwa mfugaji ambaye kuku wake wamefungiwa bandani, na chakula chao ni pumba za mahindi pamoja na dagaa kidogo.

Jibu la 2 (afisa mifugo mstaafu)

Marahaba. Hapo ndipo penye jibu, kwa kiasi kikubwa. Kuku anayetembea hujitafutia majani mabichi na wadudu; aliyefungiwa na kulishwa pumba za mahindi hukosa vitamini B2, na yai lake humzaa kifaranga mwenye upungufu huohuo. Wape vifaranga wote vitamini za mchanganyiko wa B za kuyeyusha kwenye maji, ubadilishe maji kila siku na uyaweke mbali na jua, kwani mwanga huiharibu vitamini hiyo. Kiini cha yai lililochemshwa, kilichosagwa, nacho kinasaidia. Kwa vidole vyenyewe, kata kipande kidogo cha karatasi ngumu, vinyooshe juu yake na uvibandike kwa plasta kama kiatu. Usiwape chakula cha kuku wa mayai, maana chokaa yake ni nyingi mno kwa umri wao.

Jibu la 3 (kijana, Arusha)

Ninaongeza dogo tu: kila baada ya saa 24 fungua plasta uone kama ngozi imechubuka na kama anasimama mwenyewe. Ukiilowesha kwa maji ya uvuguvugu haitavuta ngozi.

Muulizaji, siku ya tano

Wa msamba nilimfungua siku ya tatu. Alitembea kama mlevi kwa nusu siku, na leo simtambui tena katikati ya wenzake, ndiyo maana nimempaka wino mgongoni. Wa viatu vya karatasi vidole vya kushoto vimenyooka, vya kulia bado vinajikunja kidogo, lakini anakula na kunywa bila kusaidiwa, nami ninaendelea na vitamini. Mwenye mayai nimemweleza habari ya chakula. Amesema kuanzia sasa atawakatia mchicha kila asubuhi.

Jibu la 2 (afisa mifugo mstaafu)

Vizuri. Huyo wa vidole, hata akipona kabisa, mfuge kwa nyama na usimweke kwenye mbegu.