Mexican Gothic: niendelee au niachane nayo?

kijana_wa_riwaya
Wakuu habari za jioni. Kuna mtu humu kaisoma riwaya ya kutisha Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, ile ya 2020? Nimefika kama katikati hivi na bado sijaogopa kitu. Binti wa mjini, Noemí, anatumwa na baba ake akamcheki binamu yake Catalina ambaye kaandika barua kwamba mumewe anamlisha sumu na kuna vitu vinaongea ndani ya kuta, hapo nikakaa sawa kabisa. Ila akishafika kwenye jumba la familia ya huyo mume ni kula usiku mezani kimya kimya, kukatazwa sigara, vyombo vya fedha vimefubaa, ukungu ukutani, basi. Mzimu uko wapi? Spoila tafadhali hapana, msinisimulie yanayokuja.

mama_vitabu
Endelea bana. Wewe unasubiri mtu atokee na shuka jeupe, hii haiendi hivyo. Rudi kwenye ile meza ya chakula, mzee Howard, baba mkwe wa Catalina, ndo kwanza kakutana na Noemí na tayari anamwambia yeye ni mweusi kuliko binamu yake! Mwingereza kaishi Mexico miaka yote hiyo halafu anamkagua mgeni rangi kama yuko mnadani ananunua ng'ombe. Ukifika kwenye maktaba yao angalia majarida yanahusu nini, ni yale ya damu bora na damu mbovu. Mimi hapo ndo nilienda kufunga dirisha.

tonge_la_mwisho
Mi naungana na mtoa mada, nusu ya kwanza inavuta sana, mtu anaota, anaamka, anaota tena. Ingepunguzwa. Lakini ile ya pili sasa, aisee, sitokuja kula uyoga.

mama_vitabu
@tonge_la_mwisho we si umeambiwa spoila hapana??

mtu_wa_migodi
Msiruke habari za mgodi wa fedha wa akina Howard, siri ya ile familia imeanzia huko. Mwandishi kachukua picha ya mji wa kweli, Real del Monte, uko jimbo la Hidalgo. Miaka ya 1820 vita vya uhuru vimeisha, migodi ya fedha imejaa maji, wakaja Waingereza wa Cornwall na mashine za mvuke za kuvuta maji. Mpaka leo kuna makaburi ya Waingereza juu mlimani kwenye ukungu, na mtaani wanauza paste, ni kama sambusa kubwa ya kuoka, wameiacha wale wachimbaji. Sasa kwenye riwaya jiulize wachimbaji wa Kimexico waliokufa kwa ugonjwa wamezikwa wapi, mbona makaburi yenye majina mazuri ni ya Waingereza tu. Mzee alisafirisha hadi udongo kutoka kwao Uingereza aweke kwenye bustani, mtu wa hivyo utamuamini vipi?

Halafu hadithi iko 1950, wanawake wa Mexico walikuja kupewa haki ya kupiga kura ya taifa 1953, kwa hiyo Noemí akisema binamu yangu haumwi wazimu, nani amsikilize? Daktari mwenyewe ni wa familia.

kijana_wa_riwaya
Duh, hayo ya udongo niliyapita tu nikadhani ni maringo ya matajiri. Sawa, leo naingia maktaba. Ila @tonge_la_mwisho nakudai.