Nimechoshwa na jibu la "kama huzitaki sheria za dola, hama"

Ndugu zangu, hapa sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila anayehoji ni kwa haki gani dola inamtoza mtu kodi, inampiga faini na kumfunga kwa jambo lisilomdhuru mwenzake, huambiwa kwamba aliridhia yote kwa kuishi ndani ya mipaka yake, na kama hataki, njia nyeupe.

Ridhaa gani hiyo? Nikimdai jirani ada ya mkataba ambao hakuusoma wala kuutia saini, eti kwa kuwa hajahama nyumbani kwake, nitaitwa mnyang'anyi, na nitastahili. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliikejeli hoja hii tangu mwaka 1748: ni sawa na kudai kwamba mtu aliyepakiwa merikebuni akiwa usingizini ameyaridhia mamlaka ya nahodha, ilhali akitaka kutoka sharti ajitose baharini afe. Na Hume, ieleweke, hakuwa mpinga serikali.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Lysander Spooner, mwanasheria wa Marekani, aliyeandika mwaka 1870 kwamba katiba haiwezi kuwafunga watu ambao hawakuitia saini. Mkono wa dola aliufahamu kwa kuguswa nao. Mwaka 1844 alianzisha kampuni ya kusafirisha barua kwa bei nafuu kuliko posta ya serikali, na serikali, badala ya kumshinda kwa huduma peke yake, ikamwandama kwa sheria na mashtaka hadi biashara ikafa. Wateja wake walikuwa wameridhia kweli, kwa fedha zao mkononi. Ridhaa hiyo ndiyo iliyokanyagwa.

Najua nitaambiwa kwamba bila dola wenye nguvu watawameza wanyonge. Hiyo ni hoja nyingine, tena nzito, na niko tayari kuijadili. Lakini kama shuruti ni ya lazima, basi iitwe shuruti, na anayeitumia ndiye athibitishe kila mara kwamba hapakuwa na njia nyingine. Kinachoniudhi ni kulazimishwa, kisha kuambiwa kwamba nilipenda mwenyewe.

Na huko ninakotakiwa kuhamia kuna dola nyingine yenye madai yale yale, tena safari yenyewe inahitaji pasipoti inayotolewa na dola hii hii ninayoambiwa niikimbie. Anayeiona ridhaa hapo anioneshe siku niliyoulizwa, na aniambie kama "hapana" yangu ingepokelewa.