Naomba ushauri: nina miaka 44, hedhi imevurugika na usingizi umenipotea

Mwanzilishi wa uzi
Wapendwa, kwa miezi minane sasa hedhi yangu, ambayo tangu usichana ilifuata siku zake bila kukosa, haina mpangilio: mara huja baada ya siku 21, mara hupita miezi miwili bila kuonekana, kisha hurudi na damu nyingi kuliko nilivyozoea. Usiku naamka nimelowa jasho, moyo unanienda mbio. Kinachoniumiza zaidi ni hasira za ghafla kwa wanangu, ambazo hata mwenyewe sizielewi, na zikiisha najifungia chumbani nikilia. Nilipima homoni mara moja, nikaambiwa ziko sawa na kwamba nipunguze mawazo. Je, yawezekana naelekea ukomo wa hedhi? Na kama ndivyo, niache njia za uzazi wa mpango?

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana, dada. Mimi ni mkunga, na majibu ya kipimo hicho yasikufanye ujione unajitungia maradhi. Ovari, yaani vifuko vya mayai, hazizimiki kwa siku moja. Estrojeni, homoni ya kike inayotoka humo, hupanda na kushuka ovyo, hivyo damu iliyotolewa asubuhi moja hueleza habari za asubuhi hiyo tu. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45, daktari hutegemea zaidi dalili na mwenendo wa hedhi, nawe umri huo umeukaribia. Mwezi ambao yai halikutoka, projesteroni, homoni nyingine ya kike, huwa kidogo, utando wa mfuko wa uzazi huendelea kunenepa, na unapobomoka damu huja kwa wingi.

Hata hivyo, omba upimwe kiwango cha damu mwilini na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa kuwa thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta jasho, mapigo ya mbio na kukosa usingizi. Hedhi ikichelewa, pima pia ujauzito. Uzazi wa mpango usiuache, maana yai laweza kutoka mwezi usioutarajia: hedhi ikikoma kabla ya miaka 50, hushauriwa kuendelea kwa miaka miwili, na ikikoma baada ya hapo, mwaka mmoja. Ukiona damu inalowesha pedi kila saa, au inatoka kati ya hedhi moja na nyingine ama baada ya tendo la ndoa, usisubiri, nenda hospitali.

Mchangiaji wa pili
Mimi nilivumilia miaka mitatu nikiamini kuwa ndivyo mwanamke anavyopaswa kuishi, na miaka hiyo naijutia. Hatimaye nilipewa tiba ya homoni: kibandiko cha estrojeni cha kubandika kwenye ngozi, pamoja na vidonge vya projesteroni, kwa sababu mwenye mfuko wa uzazi akitumia estrojeni peke yake utando wake waweza kunenepa hadi kuzaa saratani. Baada ya wiki chache nililala usiku kucha. Dada yangu, aliyewahi kuugua saratani ya matiti, hakupewa homoni, bali dawa nyingine ya kupunguza joto la ghafla. Kwa hiyo usitumie dawa ya jirani. Mweleze daktari kila ugonjwa uliowahi kuupata, hasa damu kuganda kwenye mishipa.

Mchangiaji wa tatu
Naandika kama mume. Mke wangu aliponieleza kinachomsibu, ndipo nilipoacha kuihesabu hasira yake kuwa ni chuki. Mwenzio aambiwe mapema, tena kwa maneno ya wazi.

Mwanzilishi wa uzi
Nawashukuru kutoka moyoni. Nimeanza kuandika tarehe za hedhi, wingi wa damu na usiku ninaoamka na jasho, ili safari hii nimwonyeshe daktari maandishi. Nitaomba vipimo vile viwili. Mume wangu nitamweleza leo usiku. Wanangu nimeshawaomba radhi.