Nitajuaje saiti nisiyoijua ni salama kabla sijaifungua?

mgeni_wa_neti: Wakuu habari zenu, nimetumiwa linki ya duka la mtandaoni, simu wanauza nusu ya bei ya kwingine kote yani. Aliyenitumia anasema mbona ina kufuli pale juu, so iko poa tu. Mi sitaki kuingia kichwa kichwa, kuna namna ya kuikagua kwanza? Natumia simu.

kipanga: Kufuli sio kigezo mkuu. Maana yake ni kwamba mawasiliano yako na hiyo saiti yamefungwa, mtu wa katikati hasomi, sasa kama mwenye saiti ndo tapeli si anapokea paswedi yako kwa usalama kabisa 😂 Vyeti vya kuwekea hiyo kufuli, shirika la Let's Encrypt wanagawa bure tangu 2015, hata tapeli anacho. Na Chrome waliitoa ile alama 2023 maana watu walikuwa wanaielewa hivyo hivyo kama huyo rafiki yako.

We ishikilie linki bila kuifungua, ikopi, kaipesti VirusTotal (saiti ya kukagua linki na mafaili) kwenye sehemu ya URL, yani anwani ya saiti, itapitishwa kwenye skana kibao kwa mpigo. Ila ile linki ya kubadilisha paswedi au yenye imeili yako ndani usiipeleke kule, wengine wanaweza kuiona.

zebaki: Kabla ya yote soma jina lenyewe jamani. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, halafu soma kurudi nyuma kushoto. Mfano jinalabenki.com.zawadi-leo.xyz/ingia hiyo sio ya benki hata kidogo, mwenye saiti ni zawadi-leo.xyz, huko mbele wamepachika tu. Kwenye simu ndo balaa maana kioo kidogo kinaweza kukuonyesha mwanzo wa jina tu. Ukikuta xn-- kwenye jina shtuka, maana yake kuna herufi nje ya a hadi z za kawaida, mfano kuna "a" ya kirusi huwezi kuitofautisha kwa macho.

mgeni_wa_neti: Nimeipitisha VirusTotal, safi, hakuna hata skana moja imelalamika. Ninunue?

kipanga: Subiri kwanza. Safi maana yake hakuna aliyeiripoti, na saiti ya jana nani ataripoti? Nenda ICANN Lookup, saiti ya shirika linalosimamia majina ya saiti, andika hilo jina uangalie tarehe ya kusajiliwa.

mgeni_wa_neti: Duh, imesajiliwa mwezi huu huu. Na chini wameandika wanahudumia wateja tangu 2012 😳

kipanga: Jibu umelipata.

tausi88: Samahani kudandia, na kama mtu ameshaifungua?

zebaki: Kama hujajaza kitu, hujadaunlodi kitu na brauza yako imeapdetiwa, mara nyingi hamna shida, funga tu. Ila kama ulibonyeza "ruhusu" ilipoomba kukutumia notifikesheni nenda setingi za brauza uitoe, vinginevyo utaletewa matangazo ya "simu yako ina virusi" mchana na usiku. Na kama ulijaza paswedi kabadilishe sasa hivi, na kila sehemu nyingine unapotumia hiyo hiyo.