Slaidi mpya za pikipiki yangu ya theluji zimeyeyuka tena, halafu gereji inasema eti naendesha vibaya!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Mlioko Minnesota na Wisconsin wenye pikipiki za theluji, someni hapa kabla hamjampa fundi hela yenu.

Wakati nanunua nilimweleza muuzaji mwenye gereji hiyo waziwazi: nitapita njia za klabu, zile zinazoshindiliwa mpaka zinakuwa ngumu, na theluji siku hizi ni ya kubahatisha. Msimu wa 2023-24 hata mbio za mbwa za John Beargrease zilifutwa kwa kukosa theluji, na hakuna muuzaji wa huku kaskazini asiyelijua hilo. Bado akaniuzia mashine yenye mkanda (ule wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma) wa meno ya inchi 2.5, wa theluji ya kina ya milimani, tena bila vikwaruzo, vile vijiti vya kukwangua barafu. Hakunionya hata kwa neno moja.

Slaidi ni ile plastiki inayovalishwa chini ya reli za ndani ya mkanda, na klipu za chuma za mkanda zinapita juu yake. Haipakwi oili wala grisi. Inalainishwa na kupozwa na theluji inayorushwa na mkanda wenyewe. Theluji ikikosekana, chuma kinasugua plastiki kavu, inapata moto, inanuka, inayeyuka. Ukisimama inagandana na klipu, ukiondoka inanyofoka. Rejeta nayo inategemea theluji hiyohiyo, ndiyo maana taa ya joto ilikuwa inawaka. Niliwaambia gereji hilo! Fundi anayejua kazi yake angeshajua aanzie wapi.

Wao walichomoa slaidi zilizoisha, wakapachika nyingine, wakaniandikia risiti. Hawakupima mkanda umekazwa kiasi gani, wakati mkanda uliokazwa kupita kiasi unazikandamiza slaidi na kuzimaliza haraka. Kitabu cha mashine kinaeleza: ning'iniza uzito katikati ya mkanda, pima umeshuka kiasi gani. Ni kazi ya dakika chache. Hawakuangalia zimelika wapi. Zangu zimelika pale mbele reli inapopinda, nyuma bado nene kabisa! Hapo ilibidi wakague marekebisho ya saspensheni ya mbele, wazungushe na vile vigurudumu vinavyopitisha mkanda kuona kama kuna beringi iliyokwama. Hakuna aliyegusa.

Aliyenisaidia ni jirani, si gereji. Kanifungia vikwaruzo, vile vijiti vya chuma vyenye springi vinavyofungwa kwenye reli, vinakwangua barafu na kurusha unga wake kwenye slaidi na rejeta. Njia ni ileile, barafu ileile, na taa haiwaki tena. Bei yake haifikii hata ufundi niliolipishwa.

Sasa meno ya mkanda yameanza kung'oka kwa joto la mwanzo, na mkanda ni mamia ya dola. Nimerudi kwao, najibiwa slaidi ni kitu cha kulika, waranti haihusiki, na mimi ndiye naendesha vibaya. Slaidi sawa, zinalika. Mkanda je? Na kuniuzia mashine isiyofaa kwa njia niliyowatajia, hilo nalo ni kosa la dereva?

Nataka hela ya ufundi irudi, na mkanda ukaguliwe na fundi mwingine kwa gharama yao. Picha na risiti ninazo. Kama na wewe umejibiwa hivyo, andika hapa: aina ya mashine, urefu wa meno ya mkanda, na slaidi zililika sehemu gani.